Kumbe gundi ilikuwa inatembea

Kwenye banda langu la fotokopi kuna mashine tatu nzima na nne zilizokufa. Zilizokufa ndizo nizipendazo. Wateja wanadhani zimenishinda, mmoja aliwahi kunionea huruma, "Pole fundi, si uziuze tu chuma chakavu?" Siuzi. Nazichuna kidogo kidogo: leo kioo, kesho springi, wiki ijayo shafti. Vyote vinaishia kwenye chumba cha uani, Tabata, ambako usiku natengeneza hologramu.

Hologramu si picha. Kamera inapokea ukali wa mwanga tu. Hologramu inanasa mawimbi yenyewe: mwanga uliogonga kitu unakutanishwa na mwanga mwingine wa leza ileile ambao haujagonga chochote, na pale vinapokutana mistari midogo mno inajiandika kwenye kioo chenye kemikali. Dennis Gabor aliligundua jambo hili mwaka 1947, kabla hata leza hazijakuwepo, akapewa Nobel mwaka 1971. Leza yangu ni ya diodi, nyekundu, wimbi lake nanomita 650. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa mawimbi kama mia moja ya namna hiyo. Na wakati wa kupiga, hakuna kitu mezani kinachoruhusiwa kusogea hata sehemu ya kumi ya wimbi moja. Vioo ninavyotumia ni vile vya polima, havitaki dawa wala maji, lakini vinataka mwanga kwa dakika tano nzima. Dakika tano za utulivu, Tabata, na malori ya bandarini yanapita Barabara ya Mandela usiku kucha.

Kwa hiyo kazi yote ni vishikio: nini kinashika leza, nini kinashika kioo, nini kinashika kitu unachokipiga. Vya dukani ng'ambo vinauzwa makumi ya dola kimoja, na unahitaji vitano au sita. Hesabu hiyo niliifanya mara moja tu, nikafunga kompyuta.

Nilianza na mchanga, kama walivyofanya Lloyd Cross na Jerry Pethick kule San Francisco mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wao ndio walioonyesha watu wasio na maabara kwamba sanduku la mchanga linatosha: unagandisha kioo kwenye kipande cha bomba la plastiki, unakichomeka mchangani, basi. Nikajaza sanduku, nikaliweka juu ya tyubu za toroli zilizopulizwa nusu. Mchanga unafanya kazi kweli. Tatizo ni kwamba ukisukuma bomba moja nywele mbili kushoto, mchanga unalisukuma la jirani, na bomba tupu lenyewe linaitika kama ngoma usipolijaza mchanga ndani. Halafu paka wa jirani akagundua sanduku. Sina haja ya kueleza aliligeuza nini.

Nikaenda Gerezani, kwa mafundi chuma, kutafuta pleti ya chuma ya kuwa meza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Geti au dirisha?"

"Nataka pleti nene, mzee, sentimita 60 kwa 60. Ya milimita 10."

"Unafunikia chemba?"

"Naiwekea taa na vioo juu."

Akanitazama kama dakika, akaniuliza kama mke wangu anajua. Tulipatana kwa kilo. Pleti ya ukubwa huo ni kama kilo 28, na bodaboda aliyenirudisha alilalamika mpaka Buguruni. Kutu niliitoa kwa msasa siku mbili. Pleti sasa imelala juu ya tyubu zilezile za toroli, na tyubu ziko juu ya tofali. Usizijaze upepo zikawa ngumu. Pleti inatakiwa ielee. Ukiisukuma kwa kidole iyumbe taratibu kama ngalawa iliyofungwa nanga.

Chuma kikishakuwa chini, sumaku inakuwa mguu wa kila kitu. Mafundi wa redio Kariakoo wana spika zilizoungua hadi hawajui pa kuzitupa. Ile sumaku nyeusi ya duara inakuja imebanwa katikati ya chuma mbili, ya mbele na ya nyuma, na ukiiacha hivyo nguvu yake nyingi imefungwa kwenye mwanya wa koili. Itoe ile ya nyuma yenye nguzo katikati. Upande wa sumaku ukae chini kwenye pleti, chuma ya mbele ibaki juu, bolti ipite kwenye tundu na washa kubwa. Inashika hadi unaitoa kwa kuisokota. Gonga kwa upole lakini, sumaku hizi ni kama vigae: kati ya kumi na moja nilizonunua nilipasua nne, na kipande kimoja kiliruka kikanichana kidole gumba.

Hapo nilijiona nimemaliza. Vioo vya kurudisha mwanga ninavyo vya kutosha, kwa sababu ndani ya fotokopi, chini ya pale unapolaza karatasi, kuna vioo virefu vyembamba kama rula, na vimepakwa upande wa mbele. Hiyo ni muhimu. Kioo cha kunyolea kimepakwa nyuma, kwa hiyo mwale unarudi mara mbili, kutoka usoni na kutoka mgongoni, na hologramu inatoka na michirizi ya pundamilia. Kutofautisha ni rahisi: sogeza ncha ya karatasi hadi iguse kioo. Ncha na kivuli chake zikigusana bila mwanya, hicho ni cha mbele. Na usikifute kwa kanga, utakwangua.

Nikagandisha vioo kwenye vyuma kwa ile gundi ya vijiti inayoyeyushwa kwa bastola ya umeme. Inakauka haraka, na mimi nilikuwa na haraka. Nikapiga kioo cha polima cha kwanza. Kitupu. Cha pili, kitupu. Cha tatu, ukikiinamisha sana na kukodoa macho, ungeweza kujidanganya. Vioo hivyo havipatikani hapa, naviagiza, na kila kimoja kilichoharibika nilikiona kama chakula cha mchana cha siku tatu kinatupwa jalalani.

Nilishuku leza. Nilishuku malori. Nilishuku friji ya jirani. Mwishowe nikafanya nilichotakiwa kufanya tangu mwanzo, nikaiuliza meza yenyewe.

Unachukua kalamu ya leza yenye lenzi yake, unaelekeza mwale kwenye kipande cha kioo kitupu cha fremu ya picha, kimesimama kwa pembe ya digrii 45. Sehemu ndogo inarudishwa pembeni, kubwa inapita. Kila mwale unakutana na kioo chake cha fotokopi, unarudi ulikotoka, na miwili inakutana tena kwenye kile kitupu. Usihofu kwamba kioo kitupu kinagawa vibaya: kila mwale unarudishwa mara moja na kupita mara moja, kwa hiyo mwishoni inakuwa sawa kwa nguvu. Lenzi ndogo iliyotoka kwenye DVD mbovu inautawanya mwanga ukutani. Ukishafanikiwa kulaza doa moja juu ya lingine (na utatukana kabla hujafanikiwa), ukutani inatokea mistari, mwekundu, mweusi, mwekundu, mweusi. Mstari ukihamia mahali pa mwenzake, kioo kimojawapo kimesogea nusu ya wimbi: nanomita 325.

Lori lilipopita mistari ilitetemeka, ikatulia. Hilo nililitarajia. Sikutarajia kwamba hata kukiwa kimya kabisa mistari ilikuwa inatembea. Polepole, kushoto kwenda kulia, mmoja baada ya mwingine, kama foleni ya benki mwisho wa mwezi. Nilihesabu kumi na moja kwa dakika tano.

Nikabadilisha kishikio kimoja kimoja. Mhalifu alikuwa gundi. Gundi ile ya vijiti haigandi kikweli. Inabaki laini ndani, na kwa joto la Dar inateleza chini ya uzito wa kioo usiku na mchana. Kwa macho huoni kitu. Kwa leza unaona maandamano. Mtu anayepiga kwa sekunde mbili tatu huenda asidhurike, ila mimi wa dakika tano nilikuwa nachora mistari juu ya mistari.

Supaglu nayo sikushauri karibu na kioo chochote. Haitembei, lakini mvuke wake unapanda na kuganda weupe juu ya vitu vya jirani. Niligandishia lenzi jioni, nikaifunika na bakuli isipate vumbi, asubuhi nikaikuta na mtoto wa jicho. Sasa natumia epoksi ya mirija miwili, tone dogo tu, naiacha siku nzima na usiku wake kabla sijagusa. Au situmii gundi kabisa: kioo kinakaa kwa uzito wake juu ya ncha tatu na springi laini inakisukuma kwa nyuma. Tatu, si nne. Mafiga ni matatu na sufuria haichezi. Weka la nne uone.

Jambo la pili mistari ilinionyesha ni urefu. Nilikuwa nimesimamisha kila kitu juu ya nguzo za sentimita 20, kwa sababu picha za maabara zinaonyesha hivyo. Shafti za fotokopi ni chuma safi iliyonyooka, nikadhani inatosha. Lakini nguzo iliyoshikwa chini, ukiongeza urefu mara mbili, nguvu ileile inaipinda mara nane. Nikazikata zote katikati kwa msumeno. Baada ya hapo ukigonga pleti kwa ukucha, mistari inarudi mahali pake kabla hujamaliza kusema "moja". Laiti ningekuwa na shilingi elfu tano tu za matengenezo, ningenunua wembe wa msumeno na kuzikata zaidi.

Kishikio kimoja tu kinahitaji kugeuzwa taratibu, kile cha kioo kinachopeleka mwanga kwenye kitu. Nimekitengeneza kwa vipande viwili vya chuma bapa, mbele na nyuma, vinavyovutwa pamoja na springi mbili za fotokopi. Kona moja kuna gololi ya baiskeli, ile ya robo inchi ya gurudumu la nyuma, imekaa kwenye vijishimo viwili nilivyotoboa kwa drili. Kona mbili nyingine kuna bolti za M4 (unene milimita 4) zinazosukuma: moja ncha yake imekaa kwenye mfereji mdogo, nyingine inagusa chuma tupu. Bila mfereji ule kipande cha mbele kinazunguka kama feni. Ukiweka mifereji yote miwili kinang'ang'ana. Uzi wa M4 ni milimita 0.7 kwa mzunguko, na bolti iko milimita 50 kutoka kwenye gololi, kwa hiyo mzunguko mmoja unahamisha doa karibu sentimita tatu ukutani umbali wa mita moja. Robo ya robo ya mzunguko inatosha sana. Gharama yake sikuihesabu kwa sababu gololi nilipewa bure na fundi baiskeli, nami nilimtolea nakala za kitambulisho.

Leza yenyewe ni diodi niliyoitoa lenzi, ili mwanga ujitawanye wenyewe kama yai, imebanwa na kibanio cha nguo cha mbao kilichofungwa kwenye sumaku. Betri mbili, volti tatu. Upande mmoja wa yai unapiga kioo cha polima moja kwa moja, ukingo mwingine unapiga kioo cha fotokopi na kwenda kumulika kitu. Njia hizo mbili nazipima kwa uzi wa cherehani zilingane, tofauti isizidi sentimita chache.

Usiku wa kupiga nachagua saa tisa. Umeme ukikatika ndiyo heri zaidi: mafriji ya mtaa mzima yananyamaza, na betri zangu hazina habari. Feni nazima, mlango nafunga, nawasha leza dakika kumi itulie, nakaa kwenye kigoda jasho linanitiririka mgongoni. Kadi nyeusi inayoziba mwanga nainyanyua kidogo isiguse pleti huku bado inaziba, nahesabu hadi ishirini, ndipo naiondoa.

Mara ya mwisho nilipiga kauri tatu, zile za baharini. Nilizipanga juu ya sumaku nzima ya spika, mgongo chini. Mbili niliziweka kwa epoksi tangu juzi yake. Ya tatu niliipata baadaye chini ya kabati, na epoksi ilikuwa imekwisha.

Asubuhi binti yangu alikuwa wa kwanza kutazama, kioo mkononi, leza nyuma yake. Akainamisha kichwa kushoto, kulia, akachungulia juu kama mtu anayechungulia kisimani.

"Baba, naona mpaka hapa pameandikwa ohm nane."

"Hiyo ni karatasi ya spika. Kauri je?"

"Nzuri. Hii ina hata mikunjo. Na hii." Akanyamaza kidogo. "Ya tatu iko wapi?"

Nikachukua kioo nikatazama mwenyewe. Sumaku ipo, karatasi yake ipo, kauri mbili zinang'aa hadi meno yake yanahesabika. Kati yao kuna shimo jeusi, kingo zake safi kabisa, umbo la kauri. Nikageuka kutazama bastola ya gundi pale mezani, bado imechomekwa ukutani.