Nilivyoitwa Tena Baada ya Picha ya Kifua

Mkataba wangu wa miaka miwili katika ghala moja la mizigo hapa Dubai ulipokaribia kwisha, nilidhani kuhuisha ukaazi kungekuwa kazi ya siku tatu. Mandubu wa kampuni, yaani yule anayehangaika na makaratasi yetu serikalini, alijaza maombi, akayalipia, kisha alfajiri moja akatupakia watu kumi na wanne kwenye basi dogo kwenda kupimwa afya. Gharama hizo ni za mwajiri, na sheria ya kazi ya mwaka 2021 inamkataza kumtwisha mfanyakazi. Aliyekatwa mshahara kwa ajili hiyo ana haki ya kuuliza.

Kipimo chenyewe hakichukui muda. Unapewa karatasi yenye vibandiko, unatolewa damu ya kupima virusi vya UKIMWI, kisha unavua shati na kila kilichomo shingoni, unaukumbatia ubao wa baridi wa mashine ya kupiga picha ya kifua, unaamriwa uvute pumzi na kuibana. Wengi huogopa sindano. Mimi sasa naogopa ubao.

Siku ya tatu wenzangu walipata ujumbe wa kufaulu, lakini wangu ulinitaka nirudi kituoni. Daktari, mama wa makamo, aligeuza kioo cha kompyuta nikaona alama nyeupe, ndogo kama punje ya mtama, sehemu ya juu ya pafu la kulia. Akaniuliza kama nimewahi kuugua kifua kikuu. Nilisita, maana kambini, kwenye makazi yetu wafanyakazi, tunaambiana kwamba ukikiri tu unapandishwa ndege. Hatimaye nikasema ndiyo, mwaka 2011 nikiwa mwanafunzi, nikameza dawa miezi sita nikapona. Picha ya kifua hicho hicho mwaka 2022 haikuwa imeleta neno lolote, na mpaka leo sielewi kwa nini.

Kwa kuwa picha peke yake haiwezi kuthibitisha kama hilo ni kovu la zamani au ugonjwa ulio hai, jibu hutafutwa kwenye makohozi. Asubuhi tatu mfululizo nilikohoa ndani ya kikopo kabla ya kupiga mswaki, kisha nikaambiwa nisubiri vijidudu vya kifua kikuu, kama vimo, vioteshwe maabara, jambo linaloweza kuchukua hadi wiki nane kwa sababu vijidudu hivi hukua polepole mno. Kazini walinisimamisha. Chumbani hakuna aliyenitolea neno baya, ila vikombe vyao vilihama rafu.

Nilimpigia mama Tanga. Baada ya shikamoo na marahaba nilimweleza ukweli wote, naye akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kadi yako ninayo, mwanangu, sijatupa kitu." Jioni alinitumia picha yake kwa WhatsApp: kadi ya matibabu ya kifua kikuu iliyofifia, yenye alama za vema za kila siku, miezi miwili ya dawa nne, miezi minne ya dawa mbili, na chini yake muhuri wa hospitali. Daktari aliikuza kwenye simu, akazihesabu safu kwa kidole, akaiingiza kwenye faili langu. Ningeibeba siku ile ya kwanza, nadhani maswali yangekuwa machache zaidi.

Wiki ya saba majibu yalitoka bila kijidudu chochote. Tangu mwaka 2016 kanuni zinamruhusu anayehuisha ukaazi akiwa na kovu la namna hii apewe cheti cha afya chenye masharti, hivyo nilipata mwaka mmoja badala ya miwili, na tarehe ya kurudi kuangaliwa. Mandubu alinung'unika kwamba mwakani atajaza fomu zile zile upya kwa ajili ya mtu mmoja. Kitambulisho kipya cha ukaazi kimekuja na namba yangu ile ile.

Kadi yenyewe nayo imefika. Mama aliikabidhi kwa kijana wa mtaani kwetu aliyekuwa anakuja huku, ameifunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki, katikati ya kilo mbili za dagaa.