Msumeno Uliotumika na Mkaratusi wa Shangazi

Mkaratusi ulioangushwa na upepo wakati wa masika, nyuma ya nyumba ya shangazi yangu huko Waithaka, pembezoni mwa Nairobi, ulilala uani karibu miezi mitatu ukizidi kukauka na kuwa mgumu, huku mwenyewe akiendelea kununua kuni za kuchemshia githeri anayouza kando ya barabara. Mahindi makavu hayana haraka ya kuiva, na baridi ya Julai ilipoingia, sufuria yake ikawa inakula kuni kuanzia alfajiri. Nilihesabu ujira wa fundi wa kukodi, nikakumbuka miti mingine ya ukoo inayongoja zamu yake, nikaona heri ninunue msumeno wangu wa mnyororo, ule ambao mafundi huuita pawaso. Bei ya mpya ilinishinda, kwa hiyo nilikwenda Barabara ya Kirinyaga, ambako watu wengi bado hukuita Grogan, kutafuta uliokwisha kutumika.

Muuzaji niliyemwendea huuza pampu za maji na jenereta kuukuu, na msumeno wenyewe alikuwa ameuning'iniza kwenye msumari. Aliushusha, akavuta kamba mara moja tu, injini ikanguruma. Wateja wawili waliosimama pale walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mimi niliuzima, nikagusa kifuniko cha ekzosi kwa nyuma ya kidole, nikakuta kina joto lisiloweza kuletwa na mvuto mmoja. Ulikuwa umewashwa kabla sijafika.

"Mzee, naomba tuuache upoe kwanza, halafu niuwashe mwenyewe," nilimwambia.

"Kijana wangu, mashine hii haina neno. Lakini kunywa chai, utaikuta."

Nilikunywa chai. Injini iliyopoa kabisa ndiyo inayosema kweli kuhusu kamba, choki inayopunguza hewa wakati wa kuwasha, na plagi, nayo hii iliwaka kwa mvuto wa tano, jambo ambalo si baya kwa umri wake. Baadaye niliuzima tena na kuushika kwa mpini wa kamba peke yake, ukining'inia. Msumeno wenye silinda iliyochoka huteremka mara moja kama ndoo kisimani. Huu uliteremka kwa hatua, ukisita kila pistoni ilipokutana na mgandamizo. Nikaazima bisibisi, nikafungua ekzosi na kumulika kwa simu ndani ya tundu: ubavu wa pistoni uling'aa, ukiwa na mikwaruzo miwili myembamba isiyoweza kukwamisha ukucha. Jambo moja tu lilinikaa moyoni. Skrubu inayodhibiti mzunguko wa chini wa injini ilikuwa imelegezwa karibu yote, na bado injini haikuzimika ilipoachiwa, ilhali ilipaswa kuzimika. Nililiona, nikalipuuza, kosa ambalo nililijutia siku ya pili yake.

Tulikubaliana shilingi 19,000, nikatanguliza 5,000 na kupewa siku mbili za kuujaribu kwenye mti. Nilipomuuliza kipimo cha oili ya kuchanganya na petroli, alinijibu kwamba yeye humwaga kwa jicho. Jicho si kipimo. Injini hii ya mipigo miwili haina oili yake ya pekee ndani. Inalainishwa na ile tu inayoingia pamoja na petroli, ndiyo maana nilipima mililita 40 kwa kila lita, yaani sehemu moja kwa 25, kwa kuwa oili niliyokuwa nayo ilikuwa ya kawaida. Oili nzuri iliyotengenezwa kwa misumeno ya aina hii huruhusu mililita 20. Mnyororo una tangi lake jingine. Kuna wanaotia humo oili chafu iliyomwagwa gereji, nami siwafuati, kwa maana huwa na vumbi la chuma linalosaga pampu ndogo inayoisukuma.

Huko Waithaka nilianza kwa kuelekeza ncha ya msumeno kwenye katoni safi, bila kuigusa, nikaongeza kasi. Mstari mwembamba wa oili ulijichora juu ya katoni, ishara kwamba pampu inafanya kazi. Kisha nikavaa buti, miwani na vizibo vya masikio, kwa sababu kelele ya mashine hii hupita desibeli 100, nikawaondoa watoto wa jirani ambao tayari walikuwa wamepanga viti.

Gogo lilikuwa limelala chini kwa urefu wake wote, hivyo nilikata kutoka juu hadi theluthi mbili tu na kunuia kulibingirisha ili nimalizie upande wa pili, maana mnyororo ukigusa udongo sekunde moja hupoteza makali ya asubuhi nzima. Kilichotoka si maranda bali unga, na mkato ukapinda kuelekea kushoto kama barabara ya mlimani. Meno ya upande mmoja yalikuwa yamenolewa na ya upande mwingine yameachwa butu, bila shaka na mtu anayepata taabu kugeuza mkono. Nilikaa juu ya gogo na tupa ya mviringo, nikanoa jino kwa jino, nikisukuma kwenda mbele tu na kuhesabu mapitio matatu kwa kila moja. Nilipourudisha kwenye mti, maranda manene yalianza kuruka hadi kwenye buti, na harufu ya mkaratusi ikajaa uani.

Baada ya kama dakika 20, injini ilipopata moto hasa, niliachia kifyatuo cha kuongezea kasi na mnyororo haukusimama. Injini iliendelea kulia kwa sauti ya juu, ikashuka polepole mno, na nilipoulaza msumeno ubavu, sauti ikapanda yenyewe bila mimi kugusa chochote. Ndipo nilipoikumbuka ile skrubu. Hewa ilikuwa ikiingia mahali pasipostahili. Nilizima, nikasubiri upoe, nikatoa kabureta, ile inayochanganya hewa na petroli, na kuukunja kwa vidole mpira unaoiunganisha na silinda: ufa mwembamba kama unywele ulifunguka, ukafumbika tena nilipouachia. Bila kuukunja mpira, ufa haukuonekana kabisa. Hatari ya ufa huo haiishii kwenye kelele, kwa kuwa hewa inapozidi, petroli hupungua, na petroli ikipungua oili nayo hupungua, hata pistoni ile niliyoisifu ikachubuka ndani ya siku chache.

Kesho yake nilirudi mjini na mpira ule mfukoni. Mzee aliukunja, akautazama, akacheka kidogo kwa aibu, na sikutaka kujua kama alikuwa akilijua jambo hilo tangu mwanzo. Alitafuta mpira mwingine kwa jirani yake, tukaufunga palepale, nikamwomba tuwashe, tungoje upate moto, kisha tuulaze ubavu wa kushoto na wa kulia. Sauti haikubadilika. Tulipatana upya kwa 15,500, nami nikalipa zilizobaki.

Jumamosi nilimaliza mkaratusi kuanzia shina hadi kwenye matawi ya unene wa mkono. Jioni nililegeza mnyororo ukiwa bado na joto, kwa kuwa hujikaza unapopoa, nikapanga kuni ukutani. Shangazi alikuja akachukua kipande kimoja, akakipeleka kwenye jiko lake la udongo, akakisukuma, kikabaki nje kwa upana wa viganja viwili.

"Mwanangu," alisema, "hukupima mdomo wa jiko?"

Sikuwa nimeupima. Kwa hiyo Jumamosi ijayo nitakuwa Waithaka tena.