Ukiambiwa mlipuko wa ugonjwa una wagonjwa 40, sawa. Lakini kati ya watu wangapi?

Daktari anamtibu mgonjwa aliye mbele yake. Epidemiolojia inaangalia kundi zima: ugonjwa unampata nani, wapi, lini, na kwa nini yeye na si jirani yake. Ndiyo maana wasiougua nao lazima wahojiwe, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Tuseme watu 100 wamekula karamuni, 40 wakaharisha. Ukiwahoji wagonjwa peke yao utasikia 36 walikula nyama, na nyama italaumiwa. Sasa wahoji wote 100. Waliokula nyama ni 90, wakaugua 36: asilimia 40. Wasiokula ni 10, wakaugua 4: asilimia 40 vilevile. Nyama haina kosa! Njoo kwenye saladi. Waliokula 50, wakaugua 38, yaani asilimia 76. Wasiokula 50, wakaugua 2, asilimia 4. Gawanya 76 kwa 4: hatari ya waliokula saladi ni mara 19 ya wasiokula.

Mnaochunguza mlipuko, kabla ya yote andikeni nani anahesabika mgonjwa, mfano aliyeharisha mara 3 au zaidi ndani ya saa 24. Bila hivyo kila mhoji atahesabu kivyake.

Na tafadhali, msingoje kila jibu la maabara ndipo mzuie ugonjwa. London, mwaka 1854, daktari John Snow alionyesha vifo vya kipindupindu vimeizunguka pampu ya maji ya Broad Street. Mpini wa pampu hiyo uliondolewa wakati wengi bado wakiamini ugonjwa huo unaletwa na hewa chafu.