Ngoja, sijawa tayari

Juzi mwanangu alikuwa amelala chali sakafuni, simu imekaa kifuani, akaniuliza bila hata kunitazama: "Mama, kwa nini wimbo wako unaanza na wewe unasema hujawa tayari?"

Nilikuwa nakunja nguo. Nikaendelea kukunja nguo. Nikamwambia ni hadithi ndefu. Akasema sawa, akaurudisha wimbo mwanzo, akasikiliza tena zile sekunde 11. Kiti kinalia. Vijiti vya dramu vinagongana mara mbili. Halafu mimi, na sauti ambayo sijui niliiacha wapi: "Ngoja. Ngoja, sijawa tayari."

Hadithi yenyewe si ndefu. Sijawahi kuisimulia yote, basi.

Siku ya studio mnaijua nusu. Tulikuwa wanne: mimi, kaka wa gitaa, yule wa besi ambaye maneno yake ya siku nzima yangetosha kwenye kiganja, na mpiga dramu aliyechelewa kila mahali isipokuwa kwenye mdundo. Ilikuwa mwaka 2018. Tuling'ang'ania kurekodi wote kwa wakati mmoja, kama tulivyopiga jukwaani, kwa imani kwamba wimbo wa rock ukirekodiwa kipande kipande hutoka umepigwa pasi. Imani hiyo bado ninayo, ila siku hizi siigombanii. Prodyuza alikubali kwa shingo upande. Akawaweka watu wa gitaa na besi nyuma ya pazia zito, dramu akaitupa chumba cha pili, mlango ukaachwa wazi kidogo ili nyaya zipite.

Jukwaani nilizoea maiki ya dainamiki, ile ya kichwa cha wavu ambayo unaweza karibu kuimeza, na haina habari na kinachoendelea mgongoni mwako. Ile ya studio ilikuwa kondensa. Inalishwa umeme wa volti 48 kupitia waya uleule unaobeba sauti, na haichagui cha kusikia. Prodyuza aliishusha hadi usawa wa mdomo wangu, akaweka mbele yake kile kitambaa cheusi kilichowambwa kwenye duara, cha kuzuia pumzi zisiipige, akaniambia nisiguse kitu. Nikavaa hedifoni. Nikasikia mate yangu yakishuka kooni. Nikasikia karatasi ya mashairi ikitetemeka, na hapo ndipo nilipojua kwamba mkono wangu unatetemeka.

Nilikuwa nimekalia kiti kirefu cha mbao. Siwezi kuimba nimekaa. Tumbo hujikunja, pumzi ikaishia kifuani. Kwa hiyo nikaanza kunyanyuka, taratibu, bila kujua kwamba wameshaanza kurekodi. Kiti kikalia. Ndani ya hedifoni kililia kama lango la ghala. Kutoka chumba cha pili vijiti vikaanza kuhesabu: moja, mbili. Nami nikasema nililosema.

Halikuwa neno la utani. Sikilizeni vizuri, hilo "tayari" halina mkia. Linakatika njiani, kwa sababu katikati yake nilielewa kwamba hakuna atakayenisubiri. Mpiga dramu hakunisikia hata kidogo. Masikioni mwake mlikuwa na besi na kliki ya kuhesabia tu. Tatu, nne. Na wimbo wetu, kama mnavyojua, hauna utangulizi. Gitaa na sauti huingia mguu mmoja. Nikaingia. Goti moja bado liko juu ya kiti, karatasi iko chini, na ubeti wa kwanza niliokuwa nauogopa wiki nzima ulikuwa umeshatoka kabla sijapata nafasi ya kuuogopa.

Hiyo ndiyo teki tuliyoichukua. Tulipiga nyingine sita baada yake, zote safi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeziulizia tena.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Kumiksi, kumasta, kuhangaika na picha ya kava. Prodyuza akatuletea mafaili mawili: moja la dakika 3:41, na lingine la 3:52 lenye kila kitu tangu aliporuhusu mashine ianze, "hili la kumbukumbu yenu tu." Siku ya kuachia tukapanga Ijumaa, maana tangu Julai 2015 biashara ya muziki duniani ilikubaliana kwamba nyimbo mpya hutoka Ijumaa, na sisi tusio na kampuni tulijipenyeza kwenye foleni hiyohiyo kama wenye makampuni. Faili lilitakiwa lifike mapema kwa msambazaji, yule anayezipeleka nyimbo kwenye Spotify na wenzake, sisi tukalipeleka wiki tatu kabla. Likapewa namba yake ya ISRC, herufi na tarakimu 12, kitambulisho cha rekodi ile na si nyingine yoyote.

Wiki tatu nzima hakuna aliyelisikiliza. Wimbo ulioupitisha masikioni mara mia mbili wakati wa kumiksi hutautamani tena, unautazama kwa mbali kama mtu unayemdai.

Saa sita usiku, Alhamisi inapogeuka Ijumaa, tulikaa wanne tumeizunguka simu moja. Kaka wa gitaa akabonyeza. Kiti. Vijiti. Ngoja.

Mpiga dramu alicheka mpaka akakaa chini. Yule wa besi akasema, "Aa," na kwa kipimo chake hiyo ilikuwa hotuba. Kaka wa gitaa hakucheka. "Dada," akaniambia, "hii siyo."

Akaanza kupiga hesabu kwa sauti. Kwenye Spotify msikilizaji anahesabiwa akifikisha sekunde 30, na sisi tumemkalisha 11 anasikiliza fanicha. Atabonyeza wimbo unaofuata kabla hatujamfikisha popote. Akataka tuushushe usiku uleule. Nikamwambia tukiushusha na kupandisha lile la 3:41, hiyo ni rekodi nyingine, inahitaji namba nyingine, na waliokwisha kuusikia hawatahamia nasi. Akasema hata R.E.M., ile bendi ya rock ya Marekani, singo yao ya kwanza ya 1981 waliirekodi upya kwa ajili ya albamu ya 1983. Nikamjibu kwamba wapo wanaoapa kuwa ile ya 1981 ndiyo yenyewe. Tukafika alfajiri hakuna aliyemshinda mwenzake, na wimbo ukabaki palepale ulipo kwa sababu ya uchovu tu.

Kisha watu wakaupenda ule mwanzo. Si watu wengi, msije mkanikuza. Lakini kwenye maonyesho yetu, kabla ya vijiti, ukumbi ukaanza kupiga kelele: "Ngoja!" Nami natakiwa nimalizie. Kila nilipomalizia nilimwona kaka wa gitaa akiinama kukaza kitufe cha sauti ambacho hakikuwa kimelegea.

Sasa ile nusu nyingine.

Faili lilipandishwa kutoka kwenye kompyuta yake. Asubuhi ya Ijumaa ile alituomba radhi sote, mmoja mmoja, akiamini kwamba kosa ni lake, kwamba aliyachanganya mafaili alipokuwa akiyahamisha. Alinijia mimi wa mwisho. Nikamwambia yameisha, kaka, usijali. Nikaipokea radhi yake kabisa, nikaiweka mfukoni.

Lakini aliyekaa mbele ya kompyuta ile kulichagua faili alikuwa mimi. Yeye alikuwa ametoka kupokea simu. Bendi yenye kampuni huwa na mtu anayelipwa kusikiliza faili kabla halijaondoka. Sisi, jioni ile, mtu huyo nilikuwa mimi. Yalikuwapo mawili kwenye skrini, na urefu wake umeandikwa pembeni. Najua nilivaa hedifoni. Najua nilibonyeza.

Na nadhani nilisikia kiti.

Hapo ndipo napokwama. Kama nilikisikia kiti, basi nilijua ninachopeleka, na radhi ile niliiba. Ila zile sekunde 11 nimezisikia mara nyingi mno tangu hapo, kwenye maspika, kwenye magari ya watu, na sasa kwenye kifua cha mtoto, kiasi kwamba huenda kiti kimejipenyeza chenyewe hadi jioni ile ambayo hakikuwapo. Nimejaribu kukumbuka kimya badala yake. Hakiji.

Kaka wa gitaa ana bendi nyingine sasa. Wanarekodi kipande kipande. Nyimbo zao zinaanza pale zinapoanza.

"Mama," mwanangu akasema, bado yuko chali. "Kwa hiyo ulipowaambia ngoja, walikungoja?"

"Hapana."

Akaurudisha tena mwanzo. Kiti, vijiti, mimi, vijiti, gitaa. Akakunja uso akiniangalia kwa mara ya kwanza tangu tuanze.

"Sasa mbona uliwahi?"