Siku niliyosimama njia panda na filimbi

Mwaka 2017 mie nilikuwa zimamoto. Wa kujitolea lakini, msije mkaniona mkubwa, sina cheo wala mshahara, kazi yangu hasa ni shamba, karafuu na muhogo kidogo huku kwetu Mtambwe, Pemba. Walikuja askari wa zimamoto pale skuli wakakaa na sie siku tatu, tukachaguliwa watu sita, tukafundishwa kuzima moto wa mafuta kwa blanketi lililoroweshwa, kumtoa mtu kwenye moshi, kupanga mstari wa ndoo ili watu wasigongane, na siku ya mwisho kila mtu akapewa kazi yake. Wenzangu wakapewa mambo ya kiume, ngazi, ndoo, kuingia ndani. Mie nikapewa kizibao kile cha kung'aa na filimbi, nikaambiwa weye ukisikia moto usikimbilie moto. Kimbilia njia panda. Simama hapo mpaka gari ije uiongoze.

Watu wakacheka, na mie nikacheka ila roho ilikuwa haicheki. Yule askari hakucheka. Akatuambia kuna mtu alishawahi kupiga 114, namba ya zimamoto, akaulizwa uko wapi, akajibu hapa kwenye mwembe mkubwa, kisha akakata simu. Sasa Pemba hii miembe mikubwa iko mingapi? Na njia zetu mnazijua, vichochoro vya udongo vyapanda vilima vyashuka, mikarafuu kulia mikarafuu kushoto, mgeni akiingia peke yake anaweza akatokea baharini. Halafu kituo kiko Wete. Sie tukishuka ufukweni tunaiona Wete kwa macho, yaani ukipata mashua ni hapo tu, lakini gari haipandi mashua, gari lazima izunguke hori lote.

Basi ikapita miezi, hakuna moto. Watoto wakanipa jina, nikipita wanapiga filimbi kwa midomo.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa 10, vuli haijaanza kunyesha, karafuu ziko juu ya miti na nyengine chini zinaanikwa, kila uwanja una jamvi. Nilikuwa juu ya mkarafuu, pishi yangu ya tatu, adhuhuri ndo kwanza imeadhiniwa, nikaona moshi upande wa nyumbani. Moshi wa mtu anayechoma takataka unaujua, mweupe na mvivu. Huu ulikuwa mweusi unakwenda juu kwa haraka. Nikashuka mti ule hata sijui nilishukaje, mguu ulichubuka nikaja kuona usiku.

Kilichoungua ni banda la jiko la jirani, la makuti, limegusana na nyumba ambayo nayo makuti. Mama mwenye nyumba kaacha moto kwenye mafiga kenda kisimani, upepo ukafanya mengine. Hilo kila mtu lishamtokea, sisi wote tunapika hivyo hivyo. Balaa ni kwamba ndani ya lile banda kulikuwa na magunia manne ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yanasubiri kupelekwa kuuzwa, na makonyo ndo yale yanayokamuliwa mafuta pale kiwandani Wawi, kwa hiyo fikiria mwenyewe. Yaliwaka kwa sauti, kama mtu anakaanga samaki mkubwa. Na harufu! Mtaa mzima ulinuka kama mtu anayeumwa jino aliyetiwa mafuta ya karafuu, macho yanatoka machozi, mate yanajaa mdomoni, mpaka leo nikitia karafuu kwenye pilau naiona ile siku.

Nikapiga 114. Nikataja shehia, nikataja skuli, nikataja msikiti, nikasema nitakuwepo njia panda nimevaa kizibao. Kisha nikageuka nikaanza kukimbia. Kukimbia kwenda upande wa pili. Wanaume wote wanakuja, mie nawapita nakwenda zangu, nimebana filimbi mkononi.

Pale njia panda nilikaa sijui dakika ngapi, simu inasema thelathini na kitu ila kwangu ilikuwa mchana kutwa. Nyuma yangu nasikia makelele, nasikia takbir, nasikia mtu anaita maji, maji, na moshi unazidi. Mie nimesimama. Hamna cha kufanya hata kimoja. Nikipanga vijiwe, nikavua ndara nikavaa. Wakapita akina mama na ndoo kichwani wanatoka kisima cha chini, mmoja akasimama akanitazama kutoka juu mpaka chini, maji yanammwagikia begani, akasema, "Weye mwanamme mzima, wenzio waungua huko, wafanya nini hapa na filimbi?" Nikamwambia nasubiri gari. Akasema, "Subiri, bwana. Subiri." Akaenda zake.

Wallahi nilitaka niitupe ile filimbi nikimbilie ndoo. Nilishapiga hatua kama kumi hivi. Nikakumbuka mwembe mkubwa, nikarudi.

Baadae nilihadithiwa yaliyokuwa yanatokea kule na naona watu wetu walifanya kazi ambayo sijui kama kuna mtu angefanya zaidi. Maji ya ndoo kwenye makuti yanayowaka ni kama kutema mate. Kwa hiyo mzee mmoja mchumaji akasema leteni pembo, zile fimbo ndefu zenye ndoana tunazovutia matawi ya mkarafuu. Wakaja watu saba na pembo zao wakasimama upande ambao moto haujafika, wakawa wananasa makuti ya nyumba wanayavuta chini, kuti kwa kuti, mpaka wakalivua paa kipande kizima na moto ulipofika pale ukakuta fito tupu. Walioko chini wana vigogo vya migomba vimepasuliwa, vibichi vinachuruzika maji, kila kuti linaloanguka na cheche wanalilalia nacho. Hiyo ya pembo hatukufundishwa na askari yeyote.

Gari nikaisikia kabla sijaiona. Nikapiga filimbi mpaka masikio yakaziba, kama vile dereva angeweza kunikosa, nimesimama katikati ya njia nimevaa rangi ya ndimu. Nikarukia mlangoni nikashika chuma, nikasema kulia, kushoto, shuka, polepole hapo kuna mtaro. Tukafika kwenye kona ya kwa shangazi yangu na hapo ndo dereva akafunga breki.

Shangazi alikuwa ameanika karafuu njiani. Uwanjani kwake kuna kivuli cha mfenesi, kila msimu anatandika majamvi njiani, na mie mwenyewe kila siku nampita namsalimia, shikamoo shangazi, marahaba, sijawahi hata siku moja kuwaza kwamba hapa kuna gari itapita. Siku tatu nimeganda kichwani kuhusu njia panda na hii kona sikuiona. Majamvi matatu. Karafuu za siku ya nne, zishakuwa nyekundu za kahawia, ukiivunja inalia ta, bado jua moja tu ziingie guniani. Daraja la kwanza wakati ule kilo ilikuwa shilingi 14,000.

Yeye mwenyewe kakaa na kijiti anafukuza kuku. Nikashuka nikashika ncha ya jamvi, naye akashika ncha ya pili bila kuuliza, tukaburuza la kwanza, zikamwagika kidogo, tukaburuza la pili. La tatu lilikuwa limejaa mno, likakataa, likaanza kuchanika katikati. Dereva anapiga honi. Nikamtazama shangazi. Yeye akaangalia moshi, kisha akaachia jamvi, akajivuta ukutani.

Nikampungia dereva mkono, pita.

Sauti ya karafuu kavu chini ya matairi ya gari yenye tangi la maji mie siwezi kuieleza. Sikugeuka nyuma.

Wale askari walimaliza moto kwa muda mfupi, banda na makonyo yakawa majivu, nusu ya paa imekwenda, nyumba ikabaki na hakuna aliyeumia ila kijana mmoja kaungua viganja. Watu wakawa wanashika mikono ya waliovua paa. Mie nikarudi kwa shangazi na kizibao changu.

Nilimkuta na ungo anapeta. Vumbi huku, karafuu huku. Zilizopondeka zimetoka vichwa, zimebaki vijiti, akawa anazitenga kwenye kikapu chengine. Nikakaa chini nikaanza kuchambua na yeye. Hakusema neno juu ya zile karafuu, na mie nilikuwa nasubiri aseme, afadhali angenitukana. Ilipokaribia magharibi akaniuliza tu kama nyumba imepona. Nikasema imepona. Akasema alhamdulillahi, mguu wako watoka damu.

Kesho yake laasiri nikapita pale. Jua kali, na shangazi kashatandika tena, pale pale njiani, safari hii majamvi mawili na kaweka mawe kando kando.

"Hebu njoo," akaniita. "Gari yenu yapita hapa?"

Nikapima kwa hatua, mara moja kwenda, mara moja kurudi.

"Sogeza kidogo tena, shangazi."

Akasogeza.