Kadi Mbili za Njano

Jumapili usiku, Kaloleni, Kisumu

Meza yetu ya chakula imegeuka ofisi tangu Ijumaa. Kuna logbuku ya gari, pasipoti tatu, daftari la miraba ninaloandikia kilomita, na kadi mbili za njano ambazo Mama hachoki kuzichanganya. Moja ni ya bima ya gari, ile ya COMESA, ambayo Tanzania bado inaitambua ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo miaka mingi iliyopita. Nyingine ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, bila hicho tunaweza kukwama bandarini Unguja. Mama amezitia zote katika mfuko wake wa dawa za presha ili zisipotee, nami nimeziacha humo humo.

Tunataka kwenda Unguja kwa gari, mimi, Mama na mdogo wangu wa kiume. Mama ana miaka 71. Dada yake, Mama Mkubwa, ana 78 na magoti yamemkatalia safari. Aliolewa Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, mwaka 1979, na mara ya mwisho walipoonana ilikuwa 1998, alipokuja kumzika nyanya yetu. Tangu hapo ni simu tu. Mwezi uliopita alimwambia Mama, "Nimekushonea dera. Usipokuja nani atalivaa?" Mama alikata simu akakaa barazani mpaka adhana ya magharibi.

Kwa ndege ingekuwa safari ya saa chache. Amekataa. Kwanza masikio yake, halafu akasema jambo ambalo sina jibu lake: "Nataka nione dada yangu yuko mbali kiasi gani."

Kwa hiyo, barabara. Mpango wa kwanza ulikuwa kupitia Nairobi, Namanga, Arusha, Moshi, Korogwe na Chalinze mpaka Dar es Salaam. Ni njia fupi, lami tupu, na mdogo wangu ameipita mara mbili. Rafiki yake anayeendesha lori la mizigo alikuja hapa akatupa darsa la kutosha: tubebe triangol mbili na mtungi wa kuzimia moto, na kila tukiona kibao cha 50 tukaribiapo kijiji tushuke hadi 50 kweli, kwa sababu askari wa barabarani wa Tanzania wanapiga tochi. Tochi ni kile kifaa cha kupimia mwendo. Nimeandika neno hilo kwa herufi kubwa juu ya ukurasa, kwa ajili ya mdogo wangu. Probox yetu imeshabadilishwa oili na breki pedi, na tairi mbili za mbele ni mpya.

Pasipoti ya Mama ndiyo iliyotuchelewesha. Sisi Wakenya hatuhitaji viza kuingia Tanzania, lakini hakuwa na pasipoti kabisa. Siku ya kuchukuliwa alama za vidole, mashine ilikataa kuvisoma. Miaka thelathini na kitu ya kupara magamba ya samaki sokoni imevifuta vidole vile. Kijana aliyekuwa akituhudumia alimpangusa kidole kimoja kimoja kwa kitambaa chenye maji, akibonyeza taratibu, akimwita bibi, mpaka mashine ikakubali. Nilitazama dole gumba lake kwenye kioo, laini kama sabuni iliyotumika. Vidole hivyo ndivyo vilivyonisomesha.

Lakini kikwazo chenyewe ni maji. Mama amezaliwa kando ya ziwa, ameishi kwa samaki wa ziwa, na hajapanda chombo cha majini tangu mwaka 1996. Kila nilipotaja boti ya kutoka Dar kwenda Unguja aliitikia "inshallah" kisha akabadilisha mazungumzo. Ajali zote anazijua. Septemba 2011, Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Julai 2012 ikawa Skagit, katika njia hiyo hiyo tutakayopita sisi. Sikutaka kumdanganya kwamba mambo hayo hayakutokea. Nilimwambia tu kwamba tutachagua majira. Mama Mkubwa mwenyewe alishatuonya tusiende wakati wa kusi, bahari inakuwa nzito hasa Juni mpaka Agosti. Tungoje kaskazi. Basi tukapanga Januari, ila baada ya tarehe 12, maana wiki ya Mapinduzi watu ni wengi safarini.

Nikaona tufanye majaribio. Jumamosi jana tulitoka alfajiri, tukapita Bondo, tukashuka hadi Luanda Kotieno kupanda feri ya Mbita. Ni karibu saa moja majini, gari linaingia mzima mzima. Mama alisema hatashuka garini. Alimwomba mfanyakazi wa feri jaketi la kujiokoa, akalivaa juu ya buibui, la rangi ya machungwa, akafunga kamba zote tatu, akapandisha vioo. Nilikaa naye. Injini iliponguruma alishika tasbihi kwa mkono mmoja na mkono wangu kwa mwingine, na kucha zake zikaniingia.

Ziwa lilikuwa tulivu. Mafungu ya gugumaji yalipita ubavuni, na ndege mweupe amesimama juu ya mojawapo kana kwamba analiendesha. Tulipofika katikati, Mama akateremsha kioo kidogo, upana wa vidole viwili. Upepo ukaingia na harufu ya dagaa. Akauliza ile milima mbele ni wapi. Nikamwambia Rusinga, kwa kina Tom Mboya. Akanyamaza. Kisha, bila mimi kumuuliza, akaanza kusema.

Zamani alikuwa na mwenzake wa biashara, mwanamke wa Bukoba, aliyekuja Kisumu mara tatu au nne kwa mwaka. Alimletea senene waliokaangwa na kahawa za kutafuna zilizofungwa kwa majani makavu ya mgomba, naye Mama akimuuzia vitenge. Akilala kwetu. Namkumbuka kwa mbali sana, mkono ukinipa buni moja niitafune, nami nikaitema. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, watu zaidi ya 800 wakafa, na Mama alisikia kwa redio akiwa sokoni. Yule mwanamke hakuja tena. Hakuna aliyeleta habari. Hatujui kama alikuwemo melini siku hiyo au aliacha biashara tu, na wakati ule hatukuwa na simu ya kumuulizia.

"Sikumlilia," Mama alisema. "Ningemlilia vipi, na sijui kama amekufa?"

Miaka yote hii nilidhani anaogopa maji.

Tuliteremka Mbita, tukala samaki wa kukaanga kwa ugali, tukarudi kwa feri ya mchana. Safari hii alishuka garini. Alisimama ameshika chuma cha ukingoni, jaketi bado mwilini, akatazama maji mpaka Luanda Kotieno.

Leo nimeifuta njia ya Namanga. Tutatokea Isebania, tuingie Sirari, tupite Tarime, daraja la pale Kirumi juu ya mto Mara, Bunda, Lamadi, tulale Mwanza. Ni kama kilomita 500 kwa siku ya kwanza. Halafu Shinyanga, Singida, Dodoma, Morogoro, Dar. Ni ndefu zaidi kwa mamia ya kilomita, na mdogo wangu amelalamika kuhusu mafuta, ana haki. Lakini Igoma, pale Mwanza, ndipo walipozikwa wengi wa waliokufa na MV Bukoba, na Mama ameomba tusimame.

Bado hatujaamua kama gari tutaliacha Dar na kupanda boti ya kasi, mwendo wa saa mbili hivi, au tulipakie kwenye meli kubwa inayobeba magari. Mimi naelekea kuliacha.

Baada ya isha Mama alikuja mezani akaomba kalamu. Alilivuta daftari la miraba, akatafuta mstari wa Igoma, akaandika jina la yule mwanamke kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni akiwa mtoto. Akauliza kama nimeacha nafasi ya kutosha hapo. Nikamwambia saa nzima. Akaniambia niandike mbili.