Kutoka nguzo hadi matufe: uzoefu wangu na dendroni za fuwele kioevu

Dendroni (molekuli yenye matawi kama mti) niliyokuwa nayo ilikuwa na mikia sita ya kaboni 12 na ilijipanga vizuri sana kama fuwele kioevu, hali iliyo kati ya kigumu na kioevu, ila kwa nguzo. Mimi nilitaka matufe. Wengi wakifika hapo hukimbilia kubadili urefu wa mikia. Kwa maoni yangu, swali la kwanza ni hili: pete ya ndani, yaani pete ya kaboni sita iliyo kwenye kiini, yenye nafasi 1 hadi 6, inabeba matawi mangapi?

Kazi za watafiti Virgil Percec na Goran Ungar ndizo zilizonionyesha njia. Pete ya ndani ikibeba matawi kwenye nafasi ya 3 na ya 4 tu, molekuli hubaki bapa, umbo la kabari. Kabari zikikutanisha ncha hufanya sahani, sahani zikipandana unapata nguzo. Weka tawi la tatu kwenye nafasi ya 5: kila tawi lina mikia mitatu, hivyo mikia inakuwa tisa, haina pa kulala, inasukumana kila upande, na kabari inageuka kuwa pia, yaani umbo la koni. Pia zikikutanisha ncha hufunga tufe.

Kwa hiyo kiini nikakitengeneza kwa esta ya asidi ya galiki, yenye nafasi zote tatu. Nilichokazania kuliko yote ni usafi. Molekuli iliyokosa tawi moja ni kabari iliyojipenyeza kwenye kundi la pia, inavuruga mpangilio. Sikuipasha moto sampuli mpaka NMR, kipimo cha sumaku kinachoonyesha muundo wa molekuli, ilipoonyesha kwamba hidroksili zote (vikundi vya OH ambapo matawi hushikizwa) zimeshikwa.

Kwenye hadubini, kati ya vichujio viwili vya mwanga vilivyokingamana, dendroni ya zamani iling'aa kwa michoro ya feni. Mpya ilipopoa, kioo kilibaki cheusi. Weusi peke yake si ushahidi, maana hata kioevu cha kawaida huwa cheusi. Nikakibonyeza kioo cha juu kwa sindano: haikutiririka, ilikaza. Furaha niliyoipata hapo siwezi kuieleza.

Eksirei ikakata shauri: mistari mitatu mikali kwa uwiano wa vipeuo vya pili vya 4, 5 na 6, alama ya mpangilio wa mchemraba uitwao Pm3n, ambao kila chumba chake, yaani kipande kidogo kinachojirudia, kina matufe 8. Ukijua upana wa chumba, densiti na uzito wa molekuli, unahesabu dendroni zilizomo katika tufe moja. Naithamini sana hesabu hiyo, kwa sababu inakupa pembe ya pia yako: dendroni chache, pia pana. Sasa nikitaka tufe lenye dendroni nyingi zaidi, naanza kwa kuibana pembe hiyo.